Neno la Mama Stamili

Jana mchana, mvua ikiwa imeshika Tukuyu tangu watu watoke kanisani, Sekela aliota kwamba yumo ndani ya kitabu cha binti yake. Kilichomuudhi kwanza ni kwamba na mle ndani mvua ilikuwa inanyesha.

Lakini kabla ya ndoto ni vizuri kueleza kitabu chenyewe kilimfikiaje.

Sekela anafanya kazi katika kituo cha hali ya hewa. Mumewe, Ambakisye, alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alimwachia nyumba, shamba dogo la migomba, na binti mmoja, Lusajo, aliyeko kidato cha pili. Tangu maziko, mama na binti wamekuwa wakiishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Wanasalimiana asubuhi, wanaachiana maji ya moto, wanafunga milango taratibu. Jina la baba halitajwi. Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilitokea tu, na kila siku iliyopita ikafanya iwe vigumu zaidi kuanza.

Wiki iliyopita Lusajo aliweka riwaya ya vijana juu ya kitanda cha mama yake. Iliitwa Koti la Mvua.

"Soma, Mama," alisema, akatoka kabla hajaulizwa kitu.

Riwaya inamhusu msichana aitwaye Stamili, aliyefiwa na baba. Kila siku anakwenda shule amevaa koti la mvua la marehemu, hata jua linapowaka. Anawajibu walimu vibaya. Anamfukuza shangazi aliyekuja kuhani. Sekela alisoma kurasa chache, akamwita Lusajo.

"Huyu mtoto hana adabu. Angekuwa wangu, hilo koti angelivua siku hiyohiyo."

"Endelea," alisema Lusajo.

Kesho yake alilalamika tena. Katika kitabu kile, kila Stamili akihuzunika mvua inanyesha. "Huyu mwandishi hajui mvua. Mvua haina habari na mtu."

"Endelea tu, Mama."

Akaendelea. Alipofika katikati, alishtukia maharage yameungua jikoni naye bado amesimama na kitabu mkononi, akimwombea Stamili asifukuzwe shule. Hakumwambia Lusajo. Alikwangua sufuria, akafungua dirisha moshi utoke.

Jana, baada ya ibada, akafika sura ya tisa. Stamili yuko mezani na mama yake. Anauliza: Mama, baba alikuwa mtu wa namna gani? Mama yake anajibu: Kula.

Sekela alirudi nyuma kurasa nyingi, akitafuta. Ikawa kweli. Tangu kitabu kinaanza, mama yule yuko jikoni anaosha vyombo, na neno analosema ni hilo hilo moja. Kula. Hana hata jina lake mwenyewe. Anaitwa Mama Stamili, basi.

"Mwandishi gani huyu!" alisema peke yake chumbani. "Mwanamke amefiwa na mume, anapewa neno moja! Ningekuwa mimi ningesema zaidi."

Akakitupa kitabu kando ya mto. Akajilaza kidogo kupumzisha macho, huku mvua ikipiga bati.

Ndipo akajikuta amesimama mbele ya mlango ulioandikwa Sura ya Tisa.

Nje ya mlango, kwenye kigoda, ameketi bwana mmoja mnene mwenye tai. Anamwangalia Sekela kama mtu aliyechelewa kuja kumpokea mgeni stendi.

"Mimi ni maoni yako ya kwanza," anasema. "Uliniacha mwanzoni kabisa mwa kitabu."

"Nilibadili mawazo."

"Ulibadili, lakini hukuniambia. Nimekaa hapa na mvua yote hii nikisema mtoto hana adabu, na hakuna anayenisikiliza."

Sekela anamwomba radhi. Bwana anasema radhi haitoshi, kwa sababu humu ndani mtu akiwa na maoni huyabeba. Anasimama juu ya kigoda, anamgeuza Sekela kwa mabega, anampanda mgongoni. Ni mzito kama gunia la viazi. Sekela anauliza kama hakuna namna nyingine. Bwana anasema namna nyingine ipo, lakini ni ndefu, inabidi kukisoma kitabu mpaka mwisho.

Wakaingia.

Ndani ni jikoni. Mwanamke ameinama juu ya beseni, anaosha sufuria. Uso wake mwandishi hakuueleza, kwa hiyo hana uso. Pale pa uso ni peupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Mikono ndiyo imeelezwa vizuri sana. Ina nyufa za sabuni, na kidole cha pete kina alama nyembamba pale pete ilipokuwa.

Sekela aliiangalia ile alama, kisha akakiangalia kidole chake mwenyewe.

"Pole na msiba, mwenzangu," alisema.

"Kula," alisema Mama Stamili.

"Asante, nimeshiba. Nimekuja kukuuliza jambo. Kwa nini humjibu mtoto?"

"Kula."

Safari hii lilitoka polepole, na Sekela akashangaa kwamba amelielewa. Lilimaanisha: nikianza sijui nitaishia wapi.

"Lakini anasubiri," Sekela alisema.

"Kula." Yaani: najua.

"Anadhani umemsahau marehemu."

Mama Stamili aliacha kusugua. Povu likamtiririka mpaka kwenye viwiko. "Kula," alisema, kwa sauti ndogo sana. Hilo Sekela hakuhitaji kutafsiriwa. Ndilo alilokuwa akilisema nyumbani kwake mwaka mzima, kwa maneno kama Umefua soksi? na Usisahau mwavuli.

Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Ikaingia nukta. Ni nukta ya kawaida, ya mwisho wa sentensi, ila ina ukubwa wa fenesi, nyeusi tii. Inajiviringisha hadi katikati ya jiko, inasimama.

"Muda umekwisha," inasema Nukta. "Mama anatakiwa mezani."

Mama Stamili anafuta mikono. Anafungua kanga aliyojifunga kiunoni, anamfunga Sekela kiunoni, anakaza fundo. Kisha anaketi juu ya gunia la mahindi na kunyoosha miguu. Inaonekana hajawahi kuketi tangu kitabu kichapwe.

"Subirini," Sekela anasema. "Mimi ni msomaji tu."

"Ulisema ungekuwa wewe ungesema zaidi," inasema Nukta. "Msomaji akijiweka katika nafasi ya mhusika, anakuwa katika nafasi ya mhusika. Hata shuleni wanafundisha hivyo."

"Ni namna ya kusema."

"Sisi humu hatuna kingine zaidi ya namna za kusema," inajibu Nukta, na kumsukuma kwa upole kwenye visigino.

Sekela anapita mlango wa jikoni akiwa na maoni yake mgongoni, na upande wa pili ni sebuleni kwake mwenyewe. Meza ni ileile. Kitambaa cha plastiki ni kilekile chenye picha za malimao, ila malimao yamepevuka na mawili yameshaanguka sakafuni. Mezani ameketi msichana ndani ya koti kubwa la mvua, kofia ya koti imemfunika hadi puani.

Nje mvua inazidi.

"Mama," anasema msichana, "baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Sekela anafungua mdomo. Anayo maneno mengi.

"Kula," anasema.

Anajaribu tena. "Kula." Anashika ukingo wa meza na kujaribu kwa nguvu zote, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. "Kula. Kula. Kula."

"Unaona?" anasema bwana wa mgongoni. "Anauliza maswali mezani. Hana adabu."

Msichana anachukua kijiko, anakiweka chini. Mvua inapiga bati kwa kishindo, na Sekela, aliyekuwa amechoka na mgongo unauma, akajikuta anaigeukia ile mvua kwa hasira.

"Na wewe nyamaza!" alisema, na maneno yakatoka vizuri kabisa, kwa sababu hayakuwa ya mezani. "Unanyesha nini? Siku tunamzika Ambakisye hukunyesha. Jua liliwaka tangu asubuhi, watu wakakaa kwenye vivuli wakasema Mungu ametusaidia, hali ya hewa nzuri. Mimi nikaenda kazini kesho yake nikaangalia kipimo cha mvua, hakikuwa na tone. Nilitaka kiwe na kitu. Hata tone moja."

Mvua ikakatika.

"Basi," ilisema kwa sauti ya kuumia. "Sikujua. Nilikuwa naambiwa ninyeshe, nanyesha."

Jua likaingia kwa dirisha, kali, lilelile la siku ile. Likatua juu ya meza na juu ya msichana. Hata hivyo hakuvua koti. Jasho lilimtoka shingoni, likashuka hadi kwenye kola, naye akazidi kujikunyata ndani yake. Sekela akamtazama. Akawaza kwamba maisha yake yote amekuwa akipima kinachoanguka nje, na huyu mtoto ananyeshewa na kitu kingine.

Akahisi mgongo mwepesi. Aligeuka kutazama. Bwana mnene hakuwepo tena. Tai yake tu ndiyo ilikuwa imening'inia begani, nayo ikateleza ikaanguka.

Akasogea. Akashika kofia ya koti kwa vidole viwili, akairudisha nyuma.

Uso ulikuwa wa Lusajo.

"Siku tuliyohamia nyumba hii," Sekela alisema.

"Hayo hayajaandikwa," inasema Nukta kutoka mlangoni.

"Najua."

"Siwezi kuruhusu."

"Siku tuliyohamia nyumba hii," Sekela alirudia, akivuta kila neno kama anavuta ndoo kisimani, "baba yako alisema ufunguo ameusahau ndani. Nikamwambia twende tukamwite fundi. Akasema, fundi wa nini, dirisha si lipo. Akavua viatu. Akapanda."

Lusajo aliinua macho.

"Akaingia mpaka kiunoni, akakwama. Kichwa na mikono vimo ndani, miguu iko nje, na soksi moja imetoboka. Namvuta, anasema usinivute. Namsukuma, anasema usinisukume. Sasa nikiwa hapo, nageuka, namwona Mchungaji anakuja na wazee wawili wa kanisa kutukaribisha mtaani. Na wewe ulikuwa bado tumboni."

Nukta ilianza kujiviringisha kuja. Sekela akaongeza mwendo.

"Mchungaji akasimama mbele ya ile miguu. Akakohoa. Akasema, Bwana Ambakisye, tumekuja kuwasalimu. Baba yako kule ndani, kwa sauti ya heshima kabisa, akasema, Shikamoo, Mchungaji, karibuni ndani. Mchungaji akatazama dirisha, akatazama miguu, akauliza, Tukaribie wapi? Ndipo mimi nikaenda mlangoni na..."

Nukta ikaruka, ikatua juu ya sentensi.

Sekela akaamka.

Chumba kilikuwa na mwanga wa jioni. Bati lilikuwa kimya. Mvua ilikuwa imeacha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatambua kwamba shavu lake limelowa na mto nao umelowa. Kitabu kilikuwa kimefungika. Hakukifungua. Alivaa kandambili akaenda jikoni, akifikiri njiani atasema nini, kwa sababu alikuwa ameamua kusema kitu leo, chochote, hata kama kitatoka vibaya.

Lusajo alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi za usiku, amempa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sekela alidhani analia, akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Lusajo, mwanangu."

Binti aligeuka. Machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa namna ya mtu ambaye amejaribu kujizuia kwa muda mrefu na ameshindwa.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu nini?"

"Mchungaji ameuliza wakaribie wapi. Wewe ukaenda mlangoni. Halafu?"

Habari ile Sekela hajawahi kumsimulia mtu yeyote. Ambakisye alimwapisha siku ileile, Mchungaji alihamishiwa mbali kabla Lusajo hajazaliwa, na wale wazee wawili walishafariki.

"Nani kakuambia?"

"Si wewe, Mama?" Lusajo alijifuta macho kwa mgongo wa mkono ulioshika kisu. "Sasa hivi hapo mezani. Umenyamaza ghafla, nikafikiri unakuja kumalizia huku."

Sekela aligeuka kutazama sebuleni. Hapakuwa na mtu. Malimao yalikuwa yametulia kwenye kitambaa chao. Alivuta kigoda cha pili, akaketi karibu na binti yake, goti kwa goti, akachukua ndizi na kisu.

"Halafu nikausukuma mlango," alisema. "Haukuwa umefungwa."