Mkono kwenye Kofia

Kila Agosti, ziwa linapotulia na milima ya Fizi ikajifunika moshi wa mashamba, wanaume wawili wa makamo hushuka ufukweni Baraka, upande wa Congo, na makoti meupe yaliyopigwa pasi, wakapanda boti kwenda Kigoma kuamua kriketi. Ndiyo, kriketi. Hata wauza samaki wa ndagala wamekwisha kuchoka kuwacheka.

Mchezo wenyewe waliupata kwa askari wa kigeni waliokuwa na kambi Baraka. Kila Jumapili askari wale walicheza, na kila Jumapili waligombana, mpaka mkubwa wao akatafuta watu wawili wasio na upande. Casimir alikuwa mkalimani wao. Déogratias Nijimbere, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa mkata majani. Hawakuelewa chochote, kwa hiyo hawakuwa na wa kumpendelea, na sijui kama kuna sifa nzuri kuliko hiyo kwa mwamuzi. Baadaye wakajifunza. Askari walipoondoka makoti yalibaki, na habari za waamuzi wale wawili zikavuka ziwa mpaka Kigoma, nako wakaitwa.

Kigoma wachezaji ni wenye maduka, madaktari, walimu, watu wenye matumbo yao wanaokutana juma moja tu kwa mwaka kukimbizana na mpira mwekundu. Kwao ni burudani. Kwa Déo juma lile ndilo lililoubeba mwaka mzima. Miezi mingine yote alikuwa mtu wa mihogo, shamba la kuazima juu kule Fizi, mtu wa kusimama mstarini mbele ya kila ofisi na kuambiwa arudi kesho. Juma lile akiinua kidole kimoja, daktari mzima anatoka uwanjani bila kubisha.

Na mwaka huu Déo alikuwa haoni. Casimir alimshuku tangu mwaka jana, lakini safari hii boti ilipita karibu na rasi ya Ubwari, karibu hata kuku wa vijijini wakaonekana, naye Déo akauliza wataifikia Ubwari saa ngapi. Casimir alimjibu kwamba bado kidogo. Moyo ulimuuma, akatazama maji.

Akatafuta ujanja. Katika kriketi mwamuzi mmoja husimama nyuma ya vijiti vitatu vilivyosimikwa chini, upande wa mrushaji, na mwenzake husimama pembeni. Casimir alimwambia Déo kuna desturi mpya: wa pembeni akiona mpigaji ametoka, anaweka mkono kwenye kofia, akiona hajatoka, anauacha chini. Koti jeupe na mkono mrefu hata macho yale yangeviona. Déo aliikubali desturi hiyo upesi mno, bila hata swali moja. Siku nne mambo yakawaendea vizuri, na watu wakamsifu Déo kwa uamuzi wake.

Siku ya tano ilikuwa fainali. Jua lilikuwa limelegea, upepo hakuna, na wachezaji walisogea polepole katika weupe wao hata ungedhani wako chini ya maji. Mpira ukarushwa, ukapigwa, ukarudishwa, ukarushwa tena. Casimir, aliyekuwa akiona kwa ajili ya watu wawili, alichoka. Akainua macho kidogo tu kuelekea ziwani. Ng'ambo kule milima ya Congo ilikuwa imeachana na maji, ikaelea. Akaona kama Baraka yote imeng'oka, nyumba zake na pikipiki zake na mkewe Godelieve akianika nguo, inakuja taratibu bila sauti, inamjia yeye. Ilikuwa raha tamu ya kutaka kulia.

Kelele zikamgutusha. Wachezaji kumi na mmoja walikuwa wameinua mikono, wanampigia Déo ukelele. Kwenye mchezo huu mwamuzi hamtoi mtu mpaka aulizwe, na sasa alikuwa ameulizwa kwa makoo kumi na moja. Mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, alikuwa ameshika mpira. Je, ulikuwa umegusa ubao wa mpigaji, na hivyo ametoka, au haukugusa? Déo aligeuza uso wake pembeni, kwenye koti jeupe, akangoja.

Casimir aliinua mkono nusu, akaushusha. Akauinua tena. Hakujua.

Basi Déo akaanza kumjia, polepole, akiijaribu nyasi kwa kila hatua.

"Casimir. Uliona?"

"Mi sikuona, ndugu yangu. Nilikuwa naangalia ng'ambo, kwetu."

Déo alitikisa kichwa. "Basi leo hakuna hata mumoja mwenye kuona." Akasogeza uso karibu. "We unajua macho yangu tangu lini?"

"Tangu mwaka wenye ulipita."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Niliogopa utanijibu," alisema Déo.

Casimir alitaka kumshika mkono, akaona haya mbele ya watu. Déo akawageukia wachezaji, akanyoosha mgongo, akatoa sauti ile aliyokuwa akiiogopa hata mkubwa wa askari: hajatoka, kwa sababu mwamuzi hakuona, na mwamuzi asiyeona hana haki ya kumtoa mtu. Akaongeza kwamba yeye hakuona siku zote tano. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akampa Casimir.

"We endelea," alisema. "Mi basi, imetosha."

Akaondoka. Alitembea wima, kidevu juu, mtu mwenye heshima zake, lakini watu na viti na chai vilikuwa kushoto, naye alishika kulia, kwenye uwazi mtupu wa nyasi, akaenda hivyo hivyo kwa uhakika.

Mrushaji alikuwa na mpira mkononi, anangoja ishara. Mwamuzi haruhusiwi kuuacha uwanja mchezo ukiendelea. Casimir aliijua sheria hiyo kuliko jina la babu yake. Akaweka koti la Déo juu ya vijiti, akamkimbilia mwenzake.