Gunia la Kundi la Kwanza

Malori saba yaliingia uani Jumatatu, baada ya wiki tisa za kuambiwa "kesho". Jumatano tukawagawia watu chakula cha msaada. Alhamisi asubuhi nilifungua ghala nikijiona mwepesi, nikachukua ufagio. Kufagia ni kazi ya wapakiaji, lakini siku inayofuata mgao huwa nafagia mwenyewe. Sakafu humwambia mtunza ghala mambo ambayo watu wamesahau kumwambia: panya amepita wapi, gunia gani linavuja, nani amekula karanga akaficha maganda nyuma ya mbao za kupangia magunia.

Safari hii ghala lilikuwa na pande mbili. Kushoto, mtama wa kula. Kulia, mtama wa mbegu, uliokuja na malori yaleyale ili wakulima wawe nao mkononi mvua ikikubali kunyesha. Mbegu hiyo imepakwa dawa ya wadudu, na kiwandani huitia rangi nyekundu ili asije mtu akaipika. Dawa yenyewe haiishi kwa kuosha. Mtoto akila bakuli moja, hakuna maneno ya kumwambia mama yake.

Kwenye kona ya kushoto, karibu na mlango, ufagio ulinitolea punje tatu nyekundu.

Nilichuchumaa nikazitazama. Kona ile ni ya magunia yaliyojazwa upya. Gunia likipasuka wakati wa kushusha, tunahamishia nafaka kwenye gunia tupu, tunalishona kwa mkono, tunaliweka pale. Na nina sheria yangu, ambayo hakuna aliyenifundisha: lililojazwa upya hutoka kwanza, maana mshono wa mkono haudumu kama wa mashine. Jana asubuhi palikuwa na gunia moja tu pale konani. Sasa palikuwa patupu.

Nilimwita Kreni. Huyu ni kiongozi wa wapakiaji, mtu mzima mwenye wajukuu wawili. Jina hilo alipewa kwa sababu hubeba magunia mawili kwa mpigo huku akipiga mluzi.

"Kreni, lile gunia la mbegu lililopasuka Jumatatu liko wapi?"

"Nililijaza upya, Bwana Stoo. Kama sheria yako inavyosema."

"Ukaliweka wapi?"

"Pale konani. Kama sheria yako..." Akaziona punje kiganjani mwangu.

"Mbegu uliitia kwenye gunia lipi?"

"Magunia matupu tuliyonayo yote ni ya chakula. Nikalifunga kitambaa shingoni liwe na alama. Kitambaa changu mwenyewe, cha jasho."

Tulikitafuta kitambaa chake, tukakikuta chini ya mbao. Kilikuwa kimefunguka.

Sikumgombeza. Alifuata sheria neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeitunga bila kufikiria mbegu, kwa kuwa miaka yote hatukuwahi kuletewa mbegu humu ndani.

Kilichonitisha zaidi ni jambo jingine. Mgao uliopita tulipokea mtama mwekundu wa kula, wenye rangi hiyo tangu shambani. Watu waliushuku, wakakataa hata kuugusa. Mimi huyu nilipanda juu ya meza na kipaza sauti, nikasema, "Msiogope, ndugu zangu. Ni rangi tu. Pikeni mle." Wakaniamini, wakapika, wakala.

Kila gunia huenda kwa kundi la nyumba tano, wao wenyewe huligawana nyumbani. La kwanza kutoka lilikwenda kwa Kundi la Kwanza, na msimamizi wa kundi hilo ni mama mmoja mfinyanzi. Nilimpigia simu, haikupatikana. Kule simu huchajiwa dukani, kwa zamu. Kreni alirusha gunia jipya la chakula kwenye pikapu bila kungoja nimwambie, tukaondoka.

Ni mwendo wa kama nusu saa, vumbi tupu.

"Bwana Stoo, sema chochote," alisema Kreni.

"Endesha."

"Hicho si chochote."

Nilikuwa nahesabu. Jana saa sita walichukua gunia. Jana jioni walikuwa nalo nyumbani. Jana jioni watu waliokaa wiki tisa bila mgao walikuwa na gunia zima nyumbani.

Moshi tuliuona kabla ya nyumba. Uani kwa Mfinyanzi vyungu vilikuwa vimepangwa juani vikauke, na kando yake watoto walikuwa wamekaa duara wakilamba vidole. Sufuria kubwa ilikuwa imeinamishwa jikoni, tupu.

"Mmekula?" niliuliza. Hata salamu sikutoa.

Mfinyanzi aliinua uso, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. "Na wewe hujambo, baba. Tumekula, tumeshiba, sufuria tumeikomba. Umekuja kudai?"

Nyuma yangu nilimsikia Kreni akikaa chini, puu, kama mzigo.

"Mmekula gunia la jana?"

"Gunia la jana!" Akamgeukia mzee aliyekuwa ameegemea ukuta na kiatu magotini, fundi viatu, mmoja wa watu wa kundi lake. "Fundi, msikie huyu. Anauliza kama tumekula gunia."

"Tungepewa ruhusa tungelila na kamba zake," alisema Fundi Viatu. "Lile pale ndani, limekaa kama bibi harusi, hakuna wa kulifunua. Huu uji tumeazima unga Kundi la Tatu."

Nilichungulia mlangoni. Gunia lilikuwa limesimama juu ya mawe mawili, mshono wa Kreni haujaguswa. Nilishika fremu ya mlango nikabaki hapohapo.

Wana desturi yao, kumbe. Zamani mmoja wao aliwahi kukata mshono wenzake hawajafika, watu wakanuniana msimu mzima. Tangu hapo, gunia halifunguliwi mpaka kila nyumba iwe na mtu wake amesimama hapo. Na nyumba moja ilikuwa haijafika. Ni ya Mkunga, anayeishi peke yake. Alikuwa ameitwa akiwa bado kwenye foleni ya mgao, akaenda kumzalisha mwanamke kijiji cha ng'ambo, na tangu hapo hajaonekana.

"Namsema tangu jana," alisema Fundi Viatu. "Nimemsema magharibi, nimemsema alfajiri. Mtoto gani huyo anachukua siku nzima kutoka? Anahama na vyombo?"

"Na kisu akakishika huyu, afungue," alisema Mfinyanzi.

"Nilikishika tu. Akanitandika mwiko." Akatuonyesha mkono.

Niliwaomba tufungue gunia. Mfinyanzi akakataa: bila Mkunga, hapana. Ilibidi niseme. Niliwaambia kilichokuwamo ni mbegu yenye sumu, na kosa ni la sheria yangu. Hapo akatandika mkeka, Fundi Viatu akakata mshono kidogo, punje zikamiminika, nyekundu za kung'aa.

Mfinyanzi aliinama akazitazama.

"Ulisema ni rangi tu."

"Nilisema, mama. Ule ulikuwa mtama mwingine. Nilipaswa kuwaambia kwamba upo mwekundu mwingine usiolika, na sikusema."

"Tungeuosha," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. "Rangi ingepungua, tungefurahi, tungepika."

Aliinuka, akaenda kwenye duara la watoto, akawagusa vichwa mmoja mmoja, akiwaachia udongo kwenye nywele. Walikuwa tisa. Alipomaliza alirudia tena kuanzia wa kwanza, na mtoto mmoja akalalamika, "Shangazi, unanichafua!" Hapo ndipo alipoangua kicheko, na machozi yakashuka humohumo kwenye kicheko.

Niliomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakatoka nusu.

"Mngekuta tumekula," aliniambia akijifuta kwa bega, "ningekutukana wewe na ukoo wako wote mpaka nikauke koo. Hamkukuta tumekula. Kaa unywe uji, upo kidogo kwenye kata."

Nikanywa, nikampa Kreni. Mtu wa magunia mawili kwa mpigo alihitaji mikono yote miwili kuishika kata. Kisha tukazoa mbegu yote, mpaka punje zilizoingia kwenye nyuzi za mkeka. Mkeka wenyewe nilisema nitauchukua na kuleta mwingine. Tukashusha gunia jipya.

Jua lilikuwa limepanda tulipomwona Mkunga akija kwa miguu, mkoba begani, kilemba upande. Alianza kujitetea tangu mbali.

"Najua! Najua! Msinisemeshe! Mtoto alikaa vibaya, nimemgeuza tangu..."

Hakumaliza. Fundi Viatu, ambaye alikuwa ametusimulia kwa kirefu maumivu ya magoti yake, alimkimbilia, akampokea mkoba, akamshika mikono yote miwili.

"Mama yangu, umechelewa vizuri! Chelewa tena!"

Mkunga alimtazama yeye, akamtazama Mfinyanzi aliyekuwa analia na kucheka, akanitazama mimi na Kreni. "Mna wazimu? Mmekula nini nyinyi?"

"Hatujala!" walijibu wote kwa pamoja, na kicheko kikaanza upya. Ilichukua muda kumweleza, kwa kuwa kila mmoja alitaka aeleze yeye. Alipoelewa, alikaa taratibu juu ya gunia jipya.

"Nilikaribia kumwacha yule mama kwa dada yake nikarudi usiku," alisema. "Nilijua mnaningoja na njaa."

"Umezalisha nini?" aliuliza Mfinyanzi.

"Wa kike. Mzito, anapiga kelele kama nyinyi."

"Basi ondoka juu ya chakula chetu. Nyumba tano zimetimia."

Fundi Viatu alikata mshono. Kabla hawajaanza kugawana niliwaomba wangoje kidogo. Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa mtama kutoka katikati, mweupe, mkavu. Nikautazama juani pande zote. Kisha nikatia punje kinywani nikatafuna, nyumba zote tano zikinitazama, mpaka nikameza.

"Haya," alisema Mfinyanzi. "Leteni vyombo."