Mgongo wa Mama Kalunde

Amne alichuchumaa chini ya ngazi za darasa la saba, mgongo ameuelekeza kwa mwanawe, mikono nyuma, akingoja uzito. Ndivyo walivyofanya kila asubuhi tangu Kalunde alipoanza shule. Kila mara mtoto alijivuta kutoka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamkumbatia shingoni, kisha kitenge kikapita chini ya miguu yake isiyo na nguvu na kufungwa kifuani kwa mama. Wakapanda.

Leo uzito haukuja.

"Panda basi," Amne alisema bila kugeuka. "Mtihani unaanza."

"Sipandi, mama."

Aligeuka. Kalunde alikuwa amejishusha mwenyewe na kuketi kwenye ngazi ya kwanza, sketi imejaa vumbi, rula na penseli mapajani. Uso wake haukuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Amne, kwa maana hasira za mtoto angeweza kuzibembeleza.

Ngazi zilikuwa nyembamba, zimebanwa na ukuta huku na huku. Shule ilijengwa juu ya msingi mrefu kwa sababu ya maji ya mvua, na hata choo kilikuwa na ngazi zake. Ndiyo maana Amne hakuwahi kumwacha mtoto, yeye akarudi nyumbani kwao, mtaa wa Cheyo. Alishinda pale, kando ya ukuta, akimenya kwa ujira mdogo karanga za dukani kwa Mama Bansari, akisubiri kuitwa kumpeleka binti yake chooni. Darasa lilipohama, naye alihama, na gunia lake, kutoka dirisha hadi dirisha.

Wanafunzi walianza kujazana nyuma yao.

"Leo lifti imeharibika," alisema Samweli, mmoja wao. Ulikuwa utani wao wa siku zote. Amne akitokea getini waliimba kwamba lifti imefika, naye alicheka nao. Kalunde hakuwahi kucheka. Amne alidhani ni aibu ya kukua.

Amne alikuwa na sababu ya kubeba. Kaka yake Abbasi alizaliwa na miguu kama hiyo, akakulia uani, akafa hajui kuandika jina lake. Enzi hizo hakuna aliyeona kuwa kuna jambo la kuuliza. Wazee wao walikuwa wapagazi, waliopeleka meno ya tembo kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu, na nyumbani kwao watu walijisifu kwa mgongo kama wengine wanavyojisifu kwa ng'ombe. Kalunde alipozaliwa, Amne aliapa kwamba huyu atasoma, na kama njia haipo, njia ni yeye.

Shule ilimpenda kwa hilo. Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu Mahona alimsimamisha mbele, akamwita mfano wa kuigwa. Wazazi walipiga makofi, akina mama wakamfunika kitenge kipya. Amne alilia kwa furaha. Ndicho kitenge alichokishika sasa.

Kisha mwaka huu mwalimu Julieth, mgeni shuleni, aliwafundisha wanafunzi habari za Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Amne aliisikia kutoka dirishani, karanga mkononi: kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma na wenzake, na majengo yanapaswa kumpokea. Mwalimu aliandika ubaoni mwaka wa sheria hiyo, 2010, na Kalunde akasema polepole, "Kumbe imenizidi umri." Watoto walicheka.

Sasa mwalimu Mahona alitokea mlangoni, juu ya ngazi. Amne alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa upole wake wa kawaida. Hakuwa mtu mbaya. Kila alipoulizwa habari ya njia ya mteremko badala ya ngazi alisema imeombwa, inasubiriwa, na kwa bahati nzuri mtoto huyu hajawahi kukosa kipindi.

"Mama Kalunde, mnyanyue mtoto. Wenzake wanachelewa."

Amne alisogea. Mwili wake ulikuwa umeanza kuinama kabla hajaamua. Aliinama hadi uso wake ukafika usoni mwa binti yake, na Kalunde akasema kwa sauti ya chini, ya wao wawili tu:

"Ukininyanyua, nitaingia. Siwezi kukuzuia. Lakini sikio langu liko shingoni mwako kila siku, mama. Nasikia unavyohema. Najua walichokwambia hospitali."

Amne alikuwa amemficha jambo hilo. Daktari alikuwa amemkataza mizigo, naye alijibu moyoni kwamba mtoto si mzigo.

"Ukikosa mtihani huu je?" alinong'ona.

"Na siku ukianguka je? Watakupigia makofi tena."

"Mama Kalunde," aliita mwalimu mkuu.

Amne alikitazama kitenge. Akibeba, mtoto ataingia, na ngazi zitabaki hivyo hivyo, kwa sababu hakuna anayehitaji ziondoke. Asipobeba, mwaka mzima wa Kalunde utakuwa umekaa vumbini, kama Abbasi. Alitafuta njia ya tatu na hakuiona. Mgongo ulimuuma hata bila uzito.

Alikunja kitenge, akakiweka kichwani. Kisha akaketi kwenye ngazi ya kwanza, bega kwa bega na mwanawe, na ngazi ikajaa kabisa.

Mwalimu Julieth alifika na bahasha ya mtihani kifuani. Aliwatazama, akamtazama mkuu wake, akasimama chini pamoja na watoto. Kengele ikalia.

Juu, mwalimu Mahona alisubiri. Alipoona hakuna anayepanda, alianza kushuka mwenyewe, na alipofika ngazi ya pili kutoka chini akakosa pa kuweka mguu. Akauegemea ukuta kwa kiganja, akabaki hivyo, mguu mmoja hewani, akitazama chini kana kwamba ngazi zimejengwa usiku wa jana.

Kalunde alichonga penseli yake. Amne hakuthubutu kugeuka. Upepo ulipita mgongoni mwake, pale palipozoea joto la mtoto, ukaanza kumkausha jasho.