Ringi ya Wifi

Fundi cherehani na wifi yake, msusi, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Waliishi kwenye mteremko uleule, fundi mlango wa juu na msusi mlango wa chini yake, na kila asubuhi walikatana jicho kabla hata ya kunawa uso.

Sasa, mtaa wao ulikuwa umejipanga. Baada ya mto kubomoa nyumba za watu mwaka uliopita, kila mlango ulitundikwa ringi kuukuu ya gari. Mto ukifura, wa juu anamgongea wa chini yake, naye anamgongea anayefuata, mpaka mwisho kabisa, chini ya msusi, kwa mlinzi wa usiku, ambaye mchana hulala fofofo. Kila mtu na jirani yake mmoja tu. Rahisi, eti? Rahisi kama majirani wanasalimiana.

Fundi ndiye aliyeharibu. Siku moja ya jua kali, saluni ya msusi pale chini imejaa, alimsikia wifi akiwaambia wateja, "Kaka yangu alioa au aliokota?" Mori ukampanda. Akashika nondo, akaigonga ringi kwa nguvu zote. Wateja wakatoka mbio, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Msusi akambeba mgongoni mama yake asiyeweza kutembea, akafika barabarani, akakuta mbingu nyeupe na wifi yake anacheka mpaka anashika mbavu.

"Kicheko hicho kitakutokea puani," msusi alimwambia.

Leo ringi ya jirani wa juu ya fundi ikalia. Fundi akaacha suruali ya mteja kwenye cherehani, akatoka, akasikia mto unanguruma. Akagonga. Akagonga tena. Kule chini mlango haukufunguka.

"Gonga mpaka mkono ukatike!" sauti ya msusi ikatoka dirishani. "Leo hunipati!"

"Wifi, maji yanakuja!"

"Maji? Kayaoge!"

Fundi akalitazama dirisha lile. Mule ndani, chumba cha nyuma, amelala mama mkwe, mtu pekee katika ukoo ule aliyewahi kumwita mwanangu. Akatupa nondo, akashuka mbio pekupeku, akaupiga mlango teke.

Msusi alibaki mdomo wazi, chanuo mkononi. "Usimguse mama yangu!"

"Shika miguu, mpumbavu wewe!"

Walimpandisha mteremko wakitukanana njia nzima: muuaji wewe, kiziwi wewe, vuta, usinivute. Walipomlaza kitandani kwa fundi, maji yalikuwa yameshafika madirishani mwa saluni.

Msusi alikataa kiti. "Usingechezea ringi, ningetoka."

"Usingeninanga, nisingeichezea. Na asante sijaisikia."

"Asante nikupe wewe? Thubutu!"

Mama mkwe alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi, anawasikiliza. Alikuwa amewachoka wote wawili.

"Nyamazeni," alisema. "Yule mlinzi, nani kamgongea?"

Fundi akamtazama wifi yake. Msusi akaitazama mikono yake mitupu. Wakakimbilia mlangoni, wakabanana, wakatoka. Ringi ya msusi ilikuwa imezama, haikugongwa hata mara moja. Chini yake, kwenye nyumba ya mlinzi, lilionekana bati moja tu la paa, na maji yalikuwa yanapita juu yake.