Luce Kwenye Kona ya Mlima

Tangu alfajiri bura, ule upepo mkali wa baridi, ilikuwa ikishuka kutoka milima ya Velebit kana kwamba imetumwa kuung'oa mji wa Senj. Ubaya wa upepo ule si mawimbi. Unaikwangua bahari na kuyarusha maji hewani, na kila tone linaloangukia mashua linaganda palepale. Kufikia saa nne asubuhi mashua ya Frane ilikuwa nyeupe tupu, kamba zimevimba kama mapaja, na imeanza kulalia ubavu. Frane, mvuvi wa miaka sitini na tatu, alijifunga kamba kiunoni, akashika nyundo ya mbao, akawa anabomoa barafu. Jirani yake Mate, dereva mstaafu wa malori, alikuwa gatini ameishika ncha ya pili ya kamba ili upepo usimbebe.

Simu ikalia kifuani. Alikuwa Luce, mkewe, aliyeruhusiwa hospitalini asubuhi ile baada ya kupasuliwa nyonga. Kaka yake Luce, Dane, ndiye aliyekuwa akimrudisha nyumbani kwa gari. Theluji imewakwamisha mlimani, alisema, kwenye kona iliyo chini ya kilele, na Dane ameondoka kwa miguu kwenda kuwatafuta watu wa greda la kuondoa theluji.

"Kaniambia nizime injini nijifunike blanketi," Luce alisema. "Lakini baridi hii, Frane, inaingia mpaka kwenye mshono."

"Usizime. Funga madirisha, washa hita. Dane amezoea kulala na mbuzi, huyo hajui baridi."

Luce akacheka kidogo, akakata simu.

Baada ya nusu saa alipiga tena. Kichwa kilikuwa kinamgonga na macho yalikuwa mazito. Frane, mawazo yake yote yakiwa kwenye ule ubavu wa mashua uliokuwa ukizidi kuzama, alimwambia ni uchovu wa hospitali, alale kidogo, greda litamwamsha.

Aliposogea ukingoni kupumzika, akamsimulia Mate. Mate hakucheka utani wa mbuzi.

"Theluji imefika wapi kwenye gari?"

"Milangoni, anasema."

"Na ekzosi je?"

Frane alimtazama asielewe. Baharini moshi wa injini huenda zake na upepo. Hakuwahi kuwaza kwamba theluji inaweza kuziba bomba na kuurudisha moshi ndani, na kwamba moshi huo unaua pole pole huku mtu akidhani anasinzia. Mate alimweleza kwa maneno machache. Frane akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga mara kumi na moja.

Aliitupa nyundo, akatambaa gatini kwa mikono na magoti, akakimbilia barabara ya mlimani. Ilikuwa imefungwa, na lori lililojaribu kupita lilikuwa limelala ubavu. Watu waliokuwa kwenye kizuizi cha barabara walimshika asiende kwa miguu. Alikuwa bado hapo walipomletea habari kwamba mashua yake imepinduka na kuzama. Hakugeuza hata kichwa.

Greda lililofika kwanza lilitokea upande wa pili wa mlima, Dane akiwa ndani yake. Alifukua mlango kwa mikono mitupu. Luce alikuwa ameketi kama aliyelala, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka jikoni, na injini ilikuwa ingali inanguruma.

Walimzika siku ya nne, bura ilipotulia. Baada ya mazishi Dane hakukubali kuketi mezani. Alisimama karibu na mlango, vidole vilivyoungua kwa baridi vimefungwa bandeji, akimwambia kila aliyempa pole neno lilelile.

"Shemeji," akamwambia na Frane, "nilimwambia azime. Au nilisema haraka mno? Labda hakunisikia."

Mate akainamisha macho. Frane angeweza kunyamaza, na Dane asingejua kamwe.

"Alikusikia," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asizime."

"Alikuambia kwamba mimi nimemwambia azime?"

"Aliniambia."

Dane alichukua kofia yake akatoka. Nje, vifungo vya koti vikamshinda kwa bandeji zile. Frane akamfuata mpaka ngazini, akasimama mbele yake, akamfungia kimoja kimoja mpaka shingoni. Dane alimwacha amfungie, ila hakumtazama usoni.