Mizani Mbili za Ngulyati

Msimu ule wa mwaka tisini na tano tulijiona wafalme. Tangu nikiwa binti nilijua mnunuzi mmoja tu wa pamba, chama cha ushirika, na karani wake alikuwa akitununia utadhani tumekwenda kumwomba. Sasa serikali ilikuwa imefungua milango kwa wenye kampuni zao, na pale uwanjani Ngulyati zikasimikwa mizani mbili, moja mashariki na moja magharibi, zikitazamana. Wanunuzi ndio waliotusalimia kwanza. Mimi Kabula, mke wa Machibya, niliitwa "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, kwa heshima zote na kijana mwenye saa inayong'aa, nikacheka mpaka nikasahau nilichotumwa dukani.

Lakini pamba haikuwa haja yangu kubwa mwaka ule. Haja yangu ilikuwa mdogo wangu Shija asife.

Shija alijifungua mwanawe Malimi mwezi wa tisa wa mwaka uliotangulia, jua la kukausha mate, na damu ikakataa kukoma. Zahanati haikuweza. Mumewe, Maduhu, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukamlaza Shija juu ya magunia matupu, mimi nimemshika kichwa na kichanga nimekifunga kifuani. Safari ya kwenda Bariadi, kwenye hospitali, nilikuwa nimeifanya mara nyingi, ila siku ile barabara ilikuwa haiishi. Maduhu hakuwachapa ng'ombe. Alitembea mbele yao akiwabembeleza: "Twende, baba zangu, twende. Msinilaze njiani." Alirudia maneno hayo mpaka sauti ikamkauka. Tulifika. Daktari alimwokoa, kisha akatuita sote wawili, mimi na Maduhu, akasema Shija akibeba mimba nyingine kabla ya miaka mitano, tusije kumlaumu yeye.

Miaka mitano si mchezo kwa watu walio hai na wanaopendana. Vidonge vya kupanga uzazi vilimpandisha presha. Sindano ilimfaa, lakini zahanati ilikuwa ikikaa mwezi baada ya mwezi bila dawa hiyo. Sasa Malimi alikuwa anatambaa, na kila mwezi Shija alikuwa akihesabu siku zake kwa hofu, nami namwangalia usoni nijue kama nilie au nipumue.

Basi asubuhi moja nikiwa nachuma pamba za mwisho namwona Benedikta, nesi wetu, anakuja anakimbia katikati ya mistari na sare yake nyeupe, hajali miiba. Benedikta ni mzaliwa wa Malampaka, mcheshi, mwenye hasira za karibu kama zangu, ndiyo maana tulipatana.

"Dada Kabula, nimechaguliwa," akasema, pumzi juu. "Mwanza. Kuna wafadhili wanafundisha manesi wa vijijini kuweka vijiti."

"Vijiti gani tena?"

"Vya kupanga uzazi. Vinawekwa chini ya ngozi ya mkono, hapa. Vinakaa miaka mitano, na havimpandishi mtu presha."

Nilitupa kapu. Nilimkumbatia nesi wa serikali kwa mikono yenye vumbi, nikamchafulia sare yote. Miaka mitano. Ilikuwa kana kwamba mtu amekaa akawaza habari za Shija peke yake.

Kisha Benedikta akanieleza lililobaki. Wafadhili wamelipia walimu na vifaa. Nauli, malazi na chakula ni juu ya wilaya, na wilaya imesema fungu limekwisha. Mafunzo yanaanza Jumatatu. Asiyefika, nafasi yake anapewa nesi wa wilaya nyingine.

Ungedhani ni jambo la kuchanga tu. Lakini huku kwetu mwanamke analima pamba, anapalilia, anachuma, na siku ya kuuza gunia linapanda mkokoteni na mume. Tulicho nacho sisi ni hela ya kuku na karanga, nayo huishia kwenye chumvi na mafuta ya taa. Wanaume tulipowaambia, walisema kusomesha manesi ni kazi ya serikali, wakarudi kubishana habari za bei.

Ndipo nikawaza mizani mbili.

Sisi kundi la wanawake wa kulimiana mashamba kwa zamu tulikwenda kwanza kwa Ngeleja, mwenye mizani ya magharibi. Ngeleja ni mtu wa hapa hapa, tumemjua akiwa anachunga. Nilimwambia: lipia safari ya nesi wetu, nasi tutakuletea watu. Akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mnataka nilipie watu wasizae? Sasa pamba yangu atalima nani?"

"Marehemu hawalimi, Ngeleja," nikamwambia, nikaondoka kabla sijasema la pili.

Tukavuka uwanja kwenda kwa Joakim, yule wa saa inayong'aa, wakala wa kampuni ya Mwanza. Maskini, mizani yake ilikuwa na nzi tu. Huku kwetu mtu hapeleki gunia kwenye mizani isiyo na watu. Anaogopa kupunjwa bila shahidi. Palipojaa ndipo panapozidi kujaa. Joakim alikuwa na lori tupu na bosi mkali, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mama zangu," akasema, "kesho kutwa, Jumamosi, lori hili likijaa kabla jua halijazama, nesi ataondoka na kila kitu, mbele ya watu wote."

Tulirudi tunaruka. Kwa nini tusiruke? Ngoma tunaijua. Kwa Wasukuma vikundi viwili vikishindana vinacheza uwanja mmoja, siku moja, uso kwa uso, na hakuna mwamuzi ila miguu ya watazamaji. Watakapoegemea, hapo ndipo penye ushindi. Sisi tungecheza ngoma ya majembe mbele ya mizani ya Joakim, watu wangekuja, na magunia yangefuata watu.

Jioni ile Shija akaja kwangu na Malimi mgongoni, uso umemshuka.

"Dada, Ngeleja naye amepata ngoma. Amewakodi Wagalu."

Nikakaa chini. Wagalu ni kikundi cha ngoma cha huku kwetu, na manju wao, anayetunga nyimbo na kushika ngoma kubwa, ni Maduhu. Mumewe.

Nilimwendea shemeji yangu papo hapo, nikampa maneno yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza kichwa kimeinama, akikaza ngozi ya ngoma.

"Shemeji Kabula, nilishakubali kabla sijajua. Neno la manju halirudi nyuma. Na wenzangu je? Nitawaambia nini?"

"Waambie una mke."

Alizidi kukaza ngozi. Nilirudi nyumbani nina hasira ya kung'ata jembe.

Jumamosi ikafika. Ee, siku ile. Mikokoteni ilianza kuingia alfajiri, kutoka kila upande, magunia juu, ng'ombe wamefungwa kengele, wauza miwa na wauza maandazi nyuma yao. Wanaume walisimamisha mikokoteni katikati ya uwanja, wakakaa juu ya magunia yao kama mahakimu. Salamu za asubuhi zikapishana, "mwangaluka" huku, "mhola duhu" kule, na kila mtu anapiga jicho kulia na kushoto. Benedikta alikuwa amesimama karibu na lori la Joakim na begi lake miguuni. Gari la kwenda Malampaka kuwahi treni ya Mwanza lilikuwa la jioni ile. Alikuwa amefunga safari ambayo hakuwa nayo.

Tulianza sisi. Tulirusha majembe juu yakazunguka juani, tukayadaka, tukapiga ardhi kwa mguu mmoja. Nikaimba mimi mwenyewe, sauti niliyopewa na Mungu, isiyohitaji spika:

"Mizani huku, mizani kule,
mizani gani inapima uchungu wa mama?"

Wenzangu wakaitikia, na watu wakaja. Walikuja wanacheka, walikuja wanapiga vigelegele. Machibya, mume wangu, akawa wa kwanza kusogeza mkokoteni, ingawa nakiri nilikuwa nimemtishia. Wa pili akafuata, na wa tatu. Joakim alipima kwa sauti ili kila mtu asikie. Moyo wangu ulikuwa juu, nilikuwa naiona treni.

Kisha Wagalu wakaingia na chatu.

Si nyoka mdogo. Vijana kadhaa walikuja wamembeba, wamepaka miili majivu, na Maduhu nyuma yao na ngoma kubwa tumboni. Alipoipiga mara ya kwanza, niliisikia kwenye nyayo. Watu wetu wakageuka shingo, halafu mabega, halafu miguu. Watoto wakakimbia, mama zao wakawakimbilia, na waliokuwa wanapanga foleni kwa Joakim wakageuza ng'ombe. Tulirusha majembe juu zaidi, tukaimba mpaka koo zikawaka. Wapi. Jembe si chatu.

Jua likainama. Lori la Joakim lilikuwa halijafika nusu, naye akaanza kukunja turubai. Benedikta alichukua begi lake, akalitazama, akaliweka tena chini. Niliona machozi yake na nikatamani kumpiga mtu.

Ndipo Shija akainuka. Tulikuwa tumemkataza kucheza, mwili wake haukuwa umerudi. Alimfungua Malimi mgongoni, akamkabidhi Benedikta, akaninyang'anya jembe. Akatoka mbele yetu, peke yake, katikati ya uwanja. Hakulirusha. Aliliegemea tu, akaimba kwa sauti ndogo, wimbo ambao hakuna kati yetu aliyekuwa amefundishwa:

"Twende, baba zangu, twende.
Msinilaze njiani.
Twende, baba zangu, twende."

Hayo hayakuwa maneno ya ngoma. Yalikuwa maneno ya mkokoteni. Siku zote nilidhani siku ile Shija alikuwa hasikii kitu, kumbe alikuwa amelala juu ya magunia anasikia yote.

Wanawake hawakujua ni nini, lakini mwitikio mzuri hauhitaji maelezo, wakaupokea. Wakaurudia polepole, mguu chini, mguu chini. Shija alikuwa anamtazama mtu mmoja tu.

Ngoma kubwa ikanyamaza.

Wagalu waliendelea kidogo bila ngoma, kisha wakasita, wakageuka kumtazama manju wao. Maduhu alikuwa amesimama mikono imening'inia. Ngeleja akamwambia kitu, sikukisikia. Maduhu hakumtazama. Alianza kutembea.

Msomaji asiye wa kwetu anisikilize hapa. Manju havuki uwanja. Akivuka amekiri kushindwa, yeye na kikundi chake na waganga wanaowapa dawa za ushindi, na wenzake wana haki ya kumtoza ng'ombe na kumtungia nyimbo za kumcheka mpaka wajukuu. Nimekua nikiona watu wakizimia kwa jua kuliko kuvuka. Maduhu alivuka. Alipita katikati ya mikokoteni na ngoma yake tumboni, watu wakimpisha, akafika alipo mkewe, akasimama kando yake, akainua mkono akapiga. Akapiga polepole, mwendo wa ng'ombe waliochoka.

Uwanja wote ukavuka naye. Sijui nieleze vipi. Vumbi lilipanda, kengele za ng'ombe zikalia pamoja, wanaume wanasukumana wapate nafasi kwa Joakim, na mimi nilikuwa nacheka na kulia na kupiga vigelegele, yote kwa mdomo mmoja. Hata vijana wa chatu walikuja, na chatu wao. Lori lilijaa mpaka wakafunga kamba mara mbili. Jua lilikuwa bado linaonekana, jekundu, Joakim alipomwita Benedikta mbele ya mizani akampa bahasha, akamwambia aifungue watu waone. Kumbe mtu wa saa inayong'aa anaweza kuwa mtu wa neno lake.

Benedikta alipanda gari akiwa bado ana mate ya Malimi kwenye bega la sare.

Alirudi mwezi uliofuata, anatembea kwa madaha kidogo, nikamsamehe. Asubuhi ya kwanza benchi la zahanati lilijaa, wengine wakakaa kwenye majani. Wa kwanza aliingia Shija. Alitoka na bendeji mkononi, akanionyesha, nami nikaigusa kwa kidole kimoja nisiiumize. "Miaka mitano, dada," akasema. Tulicheka bila sababu mpaka Benedikta akatufukuza.

Msimu uliofuata Ngeleja mwenyewe alikuja kwangu, kofia mkononi, kuuliza kama hatuna nesi mwingine anayetaka kusoma. Nilimwambia tunaye, na nikamtajia wawili.

Wagalu hawakusamehe, na wala hatukuwaomba wasamehe, haki ni haki. Pamba ya mwaka ule wa tisini na tano ilipokwisha walimtoza Maduhu ng'ombe. Akamtoa mmoja wa wale wawili waliovuta mkokoteni kwenda Bariadi, dume jekundu, wakamchinja pale kwake, na sisi wote tukaenda kula. Shija ndiye aliyegawa nyama. Mzee Ngassa, mkubwa wa Wagalu, alimwacha manju wake ashike mfupa kwanza, kisha, mbele ya kikundi chote, akamuuliza ni nini hasa kilichomvusha uwanja, ule wimbo au ni dawa.

Maduhu alitafuna, akameza.

"Nilikuwa sitaki kuendesha tena ule mkokoteni," akasema, akaomba chumvi.