Godoro Lenye Mtu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye mikono alikuwa na cha kuuza, na Temeke palizuka soko la vitu vya ndani vilivyokwisha tumika: makabati, majiko ya mafuta ya taa, vitanda vya chuma, na nyuma kabisa, karibu na reli, magodoro. Huko nyuma ndiko alikokaa Mwanabaraka, mjane wa Kizaramo, mwanamke mtaratibu ambaye sindano ya kushonea magunia haikumtoka mkononi. Alinunua magodoro ya sponji majumbani mwa watu, akayavua kava, akalifua sponji kwenye pipa, akalianika juani mpaka likawa jepesi kama mkate wa juzi, halafu akalivika kava jipya la maua. Ukipita ukaliona, utadhani limetoka kiwandani jana.

Pale getini kamati ya soko iliandika ubaoni, kwa rangi nyekundu, vitu ambavyo ni marufuku kuuzwa. Baruti, dawa za hospitali, nyama isiyopigwa muhuri, na chini kabisa, godoro alilofia mtu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Siku zile watu walikuwa wakifa sana, tena vijana, kwa ugonjwa ambao majirani waliutaja kwa kuinua kidevu tu. Na desturi ya pwani inajulikana: godoro alilofia mtu halirithiwi wala haliuzwi, hupewa muosha maiti, naye ndiye ajuaye la kulifanya. Ila shida nazo zilikuwa zimebana. Muosha akawa anapewa kanga moja na kipande cha sabuni kilichobaki, godoro likatolewa kwa mlango wa uani likauzwa kabla hata tanga halijaanuliwa.

Mkaguzi wa kamati alikuwa Bwana Nikodemu, mtu wa Songea, mrefu, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Walisema alimuuguza kaka yake mpaka mwisho, wakilala godoro moja, na tangu hapo kiganja chake hakikuwa kama viganja vya watu. Hakubeba chombo chochote. Alikuwa akiinama, akiweka mkono katikati ya godoro na kutulia, kama anayesikiliza maneno ya chumba cha jirani. Kisha ama alipita zake, ama alisema, "Hili lina mtu," na mgambo wakalibeba kwenda kulifungia stoo.

Basi hapo ndipo palipokuwa na kitendawili cha soko zima. Godoro limenyooka, jeupe ndani kama nazi, linabebwa. La meza ya pili, lenye madoa na bonyeo la mgongo wa mtu, linaachwa linauzwa mchana kweupe. Leo kitu ni haramu kwako, kesho ni halali kwa jirani, na ubao ni ule ule. Jirani mwenyewe alikuwa Erasmus, mtu wa Bukoba mwenye maneno mengi kuliko wateja, na hakuficha kwamba kila Jumamosi anampa Nikodemu chai yake, noti iliyokunjwa.

"Mama Raudha, wewe unamshonea maua, mie namnywesha chai," alimwambia Mwanabaraka. "Hebu tuone anayependwa ni nani."

Mwanabaraka hakutoa chai. Aliona hana sababu, kwa kuwa yeye aliuliza. Hakununua godoro nyumbani kwa mtu bila kuketi kwanza, akapewa maji, akauliza nani alikuwa akililalia, yuko wapi, mzima? Wenye kujiumauma aliwaaga akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyofanya Kinondoni, nyumbani kwa mwanamke mmoja aitwaye Demetria, aliyekuwa anauza vitu vyote kwa sababu wanahamia Mbezi. Palikuwa na magodoro mawili mapacha, hayajabonyea hata pa kidole. Mwanabaraka akauliza habari za mwenye nyumba. Demetria akajibu kwamba yuko kazini, mzima wa afya, na akamwaga chai vikombe viwili. Mwanabaraka akaridhika.

Moja aliliweka sokoni. La pili hakuliuza. Alilipeleka nyumbani kwake, alilalie binti yake wa pekee, Raudha, aliyekuwa amerudi kwa mama kujifungua, kama ilivyo ada ya uzazi wa kwanza. Mimba ya kabla ya hii ilimtoka, na hii mpya mama mtu aliilinda kama yai mkononi. Hakumruhusu hata kuinama kufagia. Akaona mtoto wake akilala vizuri, mgongo ukipumzika, Mungu atajaalia mengine.

Siku ile Nikodemu alipofika kwenye meza ya Mwanabaraka, godoro la Kinondoni lilikuwa juu kabisa, maua yake mekundu yanang'aa. Akaweka kiganja. Akakaa nacho kuliko kawaida yake, kisha akakiondoa haraka na kukifuta kwenye suruali.

"Hili lina mtu."

Mwanabaraka alimweleza bila kupaza sauti kwamba nyumba ile aliifikia kwa miguu yake, akanywa chai, wenyewe wako hai. Nikodemu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mie sikuisema nyumba, mama. Nimesema godoro."

Mgambo wakalibeba. Erasmus akacheka mpaka akashika meza, akasema maua yamekwenda jela, afadhali wangemwachia hata nusu.

Kilichomsumbua Mwanabaraka hakikuwa godoro lililochukuliwa, bali lile pacha lake. Saa hiyo Raudha alikuwa amelala juu yake, mtoto tumboni.

Alijaribu kujituliza. Kama Nikodemu ni mla rushwa tu, basi Raudha amelala juu ya sponji na kitambaa, basi. Na kwamba ni mla rushwa hakukuwa na shaka, si anamwachia Erasmus? Akalishika wazo hilo kama mtu ashikaye nguzo kwenye maji. Lakini kila alipolikaza, aliukumbuka ule mkono unaofutwa kwenye suruali. Anayetafuta chai hafuti mkono.

Alasiri akafunga meza mapema, akaenda stoo. Nikodemu alikuwa mlangoni, kwenye kigoda, anakula muhogo wa kuchoma. Akainuka, akampa shikamoo, akampisha kivuli. Mlango ulikuwa wazi, na Mwanabaraka akachungulia. Magodoro yalisimamishwa wima, moja moja, hakuna lililogusana na mwenzake. Akayatazama bila kuelewa anachokiona, kisha akaelewa. Kila moja lilikuwa na bonyeo, lakini si katikati, mahali pa mtu aliyelala. Mabonyeo yote yalikuwa yameteremka mpaka chini, karibu na sakafu, kama watu waliosimamishwa kwa muda mrefu, wakachoka, wakakaa.

Akageuza uso.

"Sikuja kudai mali yangu," alisema. "Nijibu moja tu. Ya Erasmus yana watu au hayana?"

"Yana watu. Mengi yake."

"Na unamwachia."

"Ananipa chai. Mwenye kunipa chai namwachia godoro, namwachia na mtu wake."

"Na yale yangu uliyochukua kabla ya hili?"

"Mengine yalikuwa matupu." Akatafuna. "Nilitaka uchoke, na wewe unipe." Alilisema bila haya na bila majivuno, kama mtu anayekutajia njia ya kwenda Mtoni.

Mwanabaraka akauliza la leo je. Hapo Nikodemu akauweka muhogo chini.

"Mama, nikikwambia lilikuwa tupu, utaniamini? Nikikwambia lina mtu, utaniamini?"

Yule mtu alikuwa ameuza neno lake huku na huku mpaka likawa halina uzito, hata kwake mwenyewe mwenye nalo, na sasa ndilo neno pekee lililoweza kumwambia kama mtoto wake yu salama. Mwanabaraka akakaa juu ya tofali, akamweleza habari za pacha, za Raudha, za mimba iliyotoka na hii iliyopo. Nikodemu hakumtazama. Akasema alilete kesho, yeye aliguse.

Jioni ile Mwanabaraka alimwambia binti yake kwamba godoro linataka kubadilishwa kava, akamtandikia mkeka mpana na shuka mbili juu yake. Raudha akalalamika kidogo, kwamba ndiyo kwanza amelizoea, kisha akatii. Asubuhi Leonardi wa mkokoteni akalifunga kamba, wakaenda nalo, Mwanabaraka akitembea nyuma yake kama anayesindikiza jeneza, asipende kulifikiria hilo.

Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga chai. Mwenyewe aliona kinyume chake: wenzake wote hutoa ili waachiwe, naye anatoa ili anyang'anywe. Alimwekea Nikodemu mkononi kabla godoro halijashushwa, akamwambia alichukue tu, alifungie, lisirudi kwake wala kwa mtu mwingine yeyote.

Nikodemu akaweka kiganja. Akasikiliza. Akaenda upande wa miguuni, akasikiliza na huko.

"Hili tupu," alisema.

"Nieleze kweli, Bwana Nikodemu."

"Tupu, mama." Akakirudisha kile kifundo cha chai kwenye kiganja cha Mwanabaraka, akavifumba vidole vyake juu yake. "Chukua. Ya leo siitaki."

Ndipo Mwanabaraka akamwamini. Akashika ubavu wa mkokoteni. Akawa anamshukuru Mungu kimoyomoyo na kumwambia Leonardi ageuze, wakati Nikodemu alipomuuliza, polepole, kama hili lilikuwa linalaliwa. Akamjibu kwamba ndiyo, ila usiku wa jana alimhamishia binti mkekani. Nikodemu akarudisha mkono juu ya yale maua, akauacha pale.

"Basi kama mtu alikuwamo," alisema, "hakuja nalo."

Mwanabaraka hakumngoja Leonardi. Alikwenda kwa miguu, kanga imemteleza begani, akapita watu wanamsalimia asiwajibu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya Temeke maisha yake yote. Jua lilikuwa utosini. Mlango aliukuta umerudishiwa tu, ndani kimya, ile feni ya mezani imezimika kwa mgao wa umeme.

Raudha alikuwa amelala. Mkeka ulikuwa mpana wa kutosha watu wawili, lakini yeye alikuwa amejibana ukutani kabisa, bega na tumbo vimetoka nje ya mkeka, shavu juu ya saruji. Shuka za upande wa pili zilikuwa zimelala vibaya, katikati zimezama.

"Mwanangu," Mwanabaraka alisema kwa sauti ndogo, "mbona umejibana hivyo?"

Raudha hakufumbua macho. "Nimempisha," alisema, kama asemavyo mtu aliye katikati ya usingizi. "Mgongo unamuuma."

Mwanabaraka alisimama. Alikuwa na sauti ya kuwaita majirani, hakuitumia, asije akamshtua mwenye mimba. Akamwinua binti yake taratibu kwa makwapa, akamsogeza mbali, akamwekea mto chini ya kichwa, na Raudha akaendelea kulala. Kisha akavua ndala. Akasema bismillahi, akajilaza yeye pale palipozama, kati ya binti yake na chumba kizima. Sakafu ya saruji aliyoipiga deki kila siku ilikuwa imebonyea, na bonyeo lilimpita urefu. Palikuwa na joto.

"Njoo kwangu," alisema, uso ameuelekeza kwenye dari. "Huyo ana mgeni wake tayari. Mie mzee, nina nafasi."

Akanyoosha mikono ubavuni, akangoja. Hakukuwa na sauti ila pumzi za Raudha, ndefu, zimetulia. Na baadaye kidogo akaanza kuhisi, mgongoni, lile joto likijigeuza na kumkaa vizuri.